Mji Usiokuwa na Tanuri

Grudziądz, 3 Julai

Shangazi Zyta,

Shikamoo. Natumaini mgongo unakuacha ulale, na moshi wa ngomeni haujakumaliza macho. Mimi mzima, ila nina jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Kile kitabu cha mji wa Wierna, mji ambao nimekuwa nikiuzua tangu shuleni, nilikipeleka kwa mchapishaji bila kumwambia mtu. Mhariri wao, Bi Halszka, amejibu. Yuko tayari kukichukua, lakini si hivi kilivyo. Ameandika: "Mji wako umezingirwa na adui majira yote ya baridi, askari wamejaa ukutani, nami sijaona tanuri hata moja. Wanakula nini? Nani anawafulia? Na huyu shujaa wako Mira anavaa deraya ya chuma peke yake gizani, kwa mikono mingapi?" Amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nikishindwa, nafasi yangu anampa mwingine.

Nimesoma kila kitabu cha maktaba kuhusu zama zile za ngome na mapanga. Sheria zao za mashamba nazijua kuliko zetu za ofisini. Nisichokijua ni mtu alikuwa akifanya nini kwa mikono yake asubuhi akiamka. Wewe unaishi hivyo kila kiangazi, huko kwenye ngome yenu mnapoigiza maisha ya kale. Naomba nije wiki ya likizo yangu. Nitakaa pembeni, sitamsumbua mtu.

Tafadhali usimwambie yeyote kwamba ninaandika. Bwana Wacław, mkuu wetu, akisikia nina nafasi ya kujenga miji ya uongo, ataniongezea mafaili.

Mpwa wako,
Bogna


Ngome ya Jesionka, 9 Julai

Bogna wangu,

Marahaba, mama. Mgongo wa mwanamke anayekanda unga wa ngome nzima hauulizwi. Macho yapo, nayo yamefurahi kuona mwandiko wako, ingawa unaandika kama mtu anayeogopa kuichubua karatasi.

Njoo. Ila kukaa pembeni sahau, huku pembeni hakuna. Anayepita lango hili hupewa kazi kabla hajapewa uji. Simu na saa utaviacha kabatini langoni, kama sisi sote. Utavaa gauni la kitani linalofungwa kamba mgongoni. Kulivaa utaomba mtu, na kulivua utaomba tena. Sasa fikiria huyo Mira wako na deraya yake.

Jumamosi tunapigana na watu wa ng'ambo ya mto, genge la Gniewomir. Panga ni butu na watalii hupiga makofi, lakini matusi ni ya kweli. Usije ukalia.

Shangazi yako,
Zyta


Ngome ya Jesionka, 4 Agosti

Bogna,

Hujambo? Ulifika salama? Nimeamka nikakuta gauni limekunjwa kama faili, na mwenyewe hupo. Hukuaga hata mbwa.

Najua kilichokukimbiza. Uliliosha pipa la kukandia, kwa maji ya moto na sabuni, ukitaka nikute jiko linang'aa. Hukujua kwamba pipa la mkate halioshwi. Hukwanguliwa tu, maana chachu hulala ndani ya mbao zake na ndiyo inayouamsha unga wa kesho. Mkate wa Jumapili ukatoka tofali. Radzim, huyu mpiga ngoma wetu asiyejua kufunga mdomo, akapaza sauti: "Usitupwe huo! Tumrushie Gniewomir, ukuta wake utaanguka!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Bogna, nikakuona unainuka.

Sikucheka kwa kukudharau. Nilicheka kwa sababu njia nyingine ilikuwa kulia. Chachu ile niliipokea kwa bibi yangu.

Sasa sikiliza. Naweza kuanzisha nyingine, lakini chachu changa haiubebi unga wetu mweusi, ni mzito mno, na Siku ya Mavuno inakuja, tutakuwa na wageni wa ngome zote. Nusu ya chachu yetu iko hai, kwa Gniewomir. Nilimgawia mwaka ule pipa lake lilipopasuka kwa baridi. Desturi yetu ni hii: chachu hainunuliwi wala hatumwi mtu kuichukua. Anayekwenda kuiomba ni yule iliyemfia mkononi. Nikienda mimi atanirudisha kutoka langoni, na atakuwa na haki.

Nakusubiri.

Shangazi Zyta


Ngome ya Jesionka, 17 Agosti

Bogna,

Barua yangu ilifika? U mzima lakini?

Huku tunakula uji. Asubuhi uji, jioni uji. Radzim ameacha utani kabisa, uji umemfundisha adabu.

Kitabu umekifikisha wapi?

Shangazi yako


Grudziądz, 26 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kimya. Mwili mzima. Barua zako zote mbili zilifika, nami nilizisoma nimesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Nimemwandikia Bi Halszka kwamba nakiondoa kitabu. Barua hiyo ninayo mkobani, bado sijaitia posta. Nilisema moyoni, mtu aliyeshindwa na pipa atajenga mji gani?

Kisha jana nikaisoma tena sura ya Mira anapofika Wierna. Haombi maji. Haulizi njia. Hakuna anayemshikia farasi. Wakati ule nilidhani huo ndio ushujaa. Lakini kwenu niliona watu hawawezi hata kuvaa bila mwingine kusimama mgongoni mwao. Mira si shujaa, Shangazi. Ni mimi, ninayeogopa kumwambia mtu "nisaidie".

Nakuja Ijumaa. Nitashukia ng'ambo ya mto kwanza, kwa Gniewomir. Usije kunipokea, ukija nitageuka.

Mpwa wako,
Bogna


Grudziądz, 8 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Vipi mgongo? Na ile chachu, imekubali pipa?

Siku ile uliniuliza Gniewomir alisemaje nikasema nitakuandikia. Ilikuwa hivi. Nilibisha lango lao, sauti nzito ikauliza, "Nani?"

"Bogna."

"Bogna wa nani?"

"Mimi ni karani wa ofisi ya—"

"Nimekuuliza kazi? Wa nani?"

"Wa Zyta."

Lango likafunguka. "Aa! Bibi Sabuni!" Habari zangu zilishavuka mto, ngome nzima ikatoka kunitazama. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Ficheni vyombo jamani, ataviosha!" Nilitamani ardhi inimeze. Gniewomir akakunja mikono, ndevu zimejaa unga. "Haya, sema."

"Naomba chachu. Ya kwetu nimeiua."

"Kwa nini hakuja Zyta?"

"Si yeye aliyeiua."

Gniewomir akaingia ndani akatoka na chungu kimefungwa kwa sufu, akaniwekea mikononi kama anayemkabidhi mtu mtoto. "Ibebe kifuani, isipate baridi. Ikikufia njiani rudi uombe tena, na sisi tutakucheka tena. Kesho vitani nakukata kichwa, bibi. Leo pita salama."

Nimeandika upya, Shangazi. Sasa Wierna ina matanuri. Chachu ya mji inakufa katikati ya vita, na nusu yake iliyo hai iko kwa jeshi la adui nje ya ukuta, maana kabla ya vita walikuwa majirani. Mira anavishwa deraya na wanawake wa tanurini, kisha anavuliwa, kwa sababu haendi kupigana. Anakwenda kuomba.

Sura hiyo nimeiweka humu. Wasomee Siku ya Mavuno. Wakiicheka pasipochekesha, kitabu hakiendi popote.

Mpwa wako


Ngome ya Jesionka, 22 Septemba

Bogna wangu,

Mkate umeumuka mpaka ukasukuma kifuniko. Sisi wazima, tumeshiba.

Nimewasomea, na watu wa Gniewomir walikuwepo. Hakuna aliyecheka. Walifanya kibaya zaidi: waligombana. Gniewomir alisema jeshi lake lisingetoa chachu hata kidogo. Mkewe akamwambia, "Ungetoa kama dada yako angekuwa ndani ya ukuta." Akajibu, "Dada yangu ningemtoa kwanza, ndipo nizingire!" Radzim naye akasimama, anataka kujua kinu cha kusagia kiko wapi. Kama kiko nje ya ukuta, anasema, mji ulikufa njaa zamani, chachu ya nini? Nikamwambia, "Radzim, mji huo haupo." Akasema, "Najua haupo. Nauliza kinu kiko wapi?"

Wamebishana mpaka supu ikaungua. Wawili bado hawasalimiani.

Weka kinu, mama. Kisha tuma.

Shangazi yako,
Zyta


Grudziądz, 29 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, nikiwa mzima.

Kinu kiko ndani, chini ya daraja. Mwambie Radzim.

Kitabu nimekitia posta leo saa ya chakula. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudi ofisini nimechelewa, Bwana Wacław amesimama mezani pangu.

"Ulikuwa wapi?"

"Posta. Nilikuwa natuma kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Changu."

Akavuta kiti akakaa. "Haya," akasema, "kinahusu nini?"

Nikaanzia kinuni.

Mpwa wako,
Bogna