Mchezo wa Supu

Jumanne, 3 Oktoba 1950

Ukumbi wa Scranton nao umetufungia mlango sisi wachekeshaji. Kuanzia sasa ni filamu tu. Wakala wangu, Fishbein, kanipigia simu asubuhi kwa sauti ya msibani, halafu ghafla akachangamka — televisheni wananitaka! Kipindi cha Dutch Hanlon, Jumamosi usiku, mimi na mke wangu Bluma, wageni mashuhuri. Mashuhuri! Mwezi mzima hajanipigia simu hata mtu aliyekosea namba.

Wanataka mchezo wa supu. Mimi nina mchezo gani mwingine? Miaka ishirini na ushee naketi mezani, naletewa supu, mke wangu anakuja na fidla kunipigia sikioni, mkono wangu unashikwa na muziki, kijiko kinacheza dansi na mdomoni hakifiki. Mwisho navua kofia, namimina supu humo, nakunywa. Kutoka Buffalo hadi St. Louis nimewavunja watu mbavu kwa supu hiyo.

Bluma hataki. Nimemwambia akiwa anakata vitunguu, hata kichwa hakuinua.

Jumatano, 4 Oktoba

Bado kaninunia. Anasema ukumbini tunawalisha watu mia tano, tunahama, mji wa pili haujaiona, na tukirudi baada ya miaka miwili wa kwanza wamesahau. Televisheni ni nchi nzima kwa usiku mmoja.

"Tukishawalisha wote, Hesh, kesho tutampikia nani?"

Nikamwambia anaongea kama marehemu mama yake. Nikamwambia kumbi zinakufa, na maiti hailipi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema haya, mzee, twende, lakini usije ukanililia mimi. Nikamkimbilia Fishbein kwenye simu kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 8 Oktoba

Loo! Loo!

Ile studio ni tanuri. Taa zilikuwa kali hata supu ikapata moto upya. Hakuna kurudia, hakuna kukosea — unalofanya linaonekana papo hapo sebuleni kwa watu. Nilidhani nitazirai. Kumbe kijiko cha kwanza tu, kicheko! Hanlon mwenyewe, kijana mwenye meno mengi na mikono isiyotulia, alicheka mpaka akajishika kwenye pazia.

Leo muuza nyama kanifungia maini bure. Watoto wa mtaani wamenifuata wakitikisa vijiko. Jirani wa juu, ambaye tulikuwa hatusalimiani, kabisha hodi na keki mkononi. Nikamgeukia Bluma nikamuuliza, haya, nani alikuwa sahihi? Akasema keki ni kavu. Lakini nilimwona anaimba jikoni.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumekuja milimani kucheza hotelini kwa Mama Grobman. Sijui niandikeje.

Tulipanda jukwaani jana watu wakapiga makofi kwa kututambua. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikaketi, nikafunga kitambaa shingoni. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamwegemea mumewe akamwambia, sasa hivi ataletewa supu. Nikaletewa supu. Akamwambia, ngoja fidla. Ikaja fidla. Kila nilichofanya alikuwa ameshakitangaza, na nyuma yake wengine nao wakawa wanatangaza. Mtoto akapiga kelele, "Kofia! Tia kwenye kofia!" — na mimi bado nilikuwa na nusu ya mchezo mbele yangu.

Hawakucheka. Walikuwa wema, walitabasamu. Nimezomewa mara nyingi maishani, nimerushiwa kabichi, lakini tabasamu lile sijawahi kupewa. Nilimwaga supu kofiani, nikanywa, ikanipalia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mama Grobman kasema majira ya baridi tusijisumbue. Albany hapana. Cleveland hapana. Wote wimbo mmoja — tumeshaiona. Bluma hajasema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Fishbein kauliza kama nina kitu kipya, kwa sababu watu wa Hanlon hawakatai kunirudisha. Kipya! Ile supu ilinichukua miaka mitatu kuipika. Hawa wanataka kila Jumamosi chungu kingine.

Nimeshinda mbele ya kioo. Mtu na mwavuli. Mtu na kinyozi. Mtu na kiti kisichotaka kukaliwa. Bluma alisimama mlangoni na soksi anayoitia viraka, akanitazama kwa muda.

"Kiti kinachekesha kukushinda wewe," akasema.

Tukacheka wote wawili. Halafu akarudi kwenye soksi yake, nami kwenye kioo. Nina miaka hamsini na mitatu. Kushona kofia nilikukimbia nikiwa kijana, na sasa hata sindano siioni. Maji yamenifika shingoni. Sioni pa kushika.

Jumatatu, 23 Oktoba

Weddell, mtayarishaji wa kipindi, kaniita ofisini. Ana wazo, kasema, akanikaribisha sigara.

Wazo lenyewe: Jumamosi hii mgeni wao ni Corinne Astley, yule wa filamu. Wanataka supu irudi, lakini aile Hanlon, na fidla aishike Bi Astley akiwa na gauni la kumetameta. Watu wameiona kwangu, kwa hao wawili itakuwa mpya. Mimi nimfundishe Hanlon. Ikifana, nabaki na kipindi msimu mzima, mwalimu wa vichekesho, kila wiki. Isipofana, basi.

Nikauliza, Bi Astley anajua fidla? Hajui hata kuishika. Ndiyo maana Bluma atapiga nyuma ya pazia, na Bi Astley atakuwa anasogeza mkono tu.

Nikasema sawa. Hapo hapo! Sikusema hata nitamuuliza mke wangu. Nilimwambia usiku tukiwa tunakula, nikaongea haraka haraka, nikataja msimu mzima mara tatu hivi. Akaniuliza kwa nini asisimame mbele kama siku zote. Nikamwambia alivyosema Weddell, kwamba kamera zina mambo yake. Akasema, "Sema tu nimezeeka, Hesh, sitakufa." Kisha akasema atakuja. Chakula hakukimaliza.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Mazoezi leo, mafundi wote wapo. Hanlon anajua, siwezi kumsingizia. Kila nilichomfundisha kakishika — bega, kiwiko, jicho linalokodolea kijiko. Bluma nyuma ya pazia, wimbo uleule, kasi ileile. Na hakuna aliyecheka! Wakarudia. Hakuna. Bi Astley akauliza kwa upole kama hapa ndipo pa kuchekesha.

Weddell akasema, mzee, hebu kaa wewe, tuone wapi tunapotea. Nikajivuna kidogo, nakiri. Nikaketi. Nikawapa supu yangu yote, ile ya St. Louis. Fidla inaimba nyuma ya pazia, mkono wangu unacheza.

Kimya.

Fundi mmoja wa taa alikohoa. Hawa ni watu ambao tarehe saba nusura waangushe kamera kwa kucheka! Nikaongeza. Nikakodoa macho zaidi, nikatetemesha kijiko zaidi, jasho likaingia kwenye supu. Nilikuwa mzee anayemwaga supu mezani, si zaidi ya hapo. Hanlon akanipigapiga mgongoni akasema, "Umechoka, mzee wangu." Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Weddell kasema kesho itakuwa mara ya mwisho. Isipochekesha, supu inatoka, na badala yake anaweka mbwa wanaoruka pete. Nami natoka na supu yangu.

Ijumaa, 27 Oktoba, alfajiri

Sikulala. Wala yeye. Niliketi jikoni nikasema, sijui nimepatwa na nini, mkono umekufa. Bluma akaweka kikombe mezani.

"Mkono wako haujafa. Mkono wako siku zote ulikuwa hivyo."

Nikamwambia sielewi. Akasema, "Wewe hujawahi kuufuata muziki hata siku moja, Hesh. Huna sikio. Mimi ndiye ninayekufuata. Ukiteleza, nateleza. Ukisita, nasita, kidogo tu nyuma yako. Watu wanachocheka ni hicho. Mazoezini sikuwa nakuona."

Miaka yote! Mimi nikiwaambia vijana kwamba siri ni kusikiliza, sikilizeni muziki, jamani, mpaka ushuke mkononi. Nimelisema hilo mpaka gazetini. Na yeye alikuwa amesimama pembeni yangu, anasikia, anafuta fidla yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungejua, ungeanza kuniangalia. Mchezo ungekufa."

Sasa hapa. Hapa ndipo ninapotaka kuandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Mwanamume mwenye akili zake angeinuka akamkumbatia. Angalau angesema asante. Mimi nilifikiria mbwa wanaoruka pete. Nikamuuliza: na Hanlon je, unaweza kumfuata Hanlon?

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira.

"Namfuata yeyote," akasema, "mradi nimwone."

Nikasema nitatoboa pazia. Akasuuza kikombe, akaenda kujilaza.

Ijumaa, jioni

Nimelitoboa kwa wembe, usawa wa jicho lake. Kitundu kidogo, kamera haikioni. Mimi mwenyewe nimempangia kiti. Mazoezi yakaenda — kijiko cha kwanza, mafundi wakaanguka kwa kicheko! Weddell akanikumbatia, akaniita fundi mkuu. Sikumwambia fundi ni nani. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Bluma alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, anafungua skafu, na najua alisikia.

Njiani kurudi nilimnunulia njugu za moto. Akala. Tukaongea kuhusu baridi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Niko nyuma ya pazia, kwenye sanduku la mbao. Naandika kwa penseli, lazima niishughulishe mikono. Tuko hewani. Hanlon anatania na Bi Astley huko mbele. Bluma yuko kitini, fidla begani, jicho moja kwenye kitundu. Kavaa gauni lake la jukwaani, la bluu. Hakuna atakayemwona. Nilitaka kumuuliza kwa nini amelivaa, nikaogopa jibu.

Supu imeletwa.

Fidla.

Wamecheka! Kijiko cha kwanza! Sikuwahi kukaa upande huu, sikujua kicheko kinatikisa mbao namna hii. Tumepona. Tumepona, Bluma!

Hanlon ana mkono mbaya, mzito, anachelewa. Bluma anauokota kila unapoangukia. Anapiga noti moja ndogo, ya kukwaruza, ambayo mimi hakunipigia kamwe — kwa sababu mkono wangu haukuwahi kwenda huko. Watu wanalia kwa kucheka. Ni kicheko kikubwa kuliko changu. Siwezi kujidanganya, nimesikia vicheko maisha yangu yote na najua uzito wake. Hiki ni kikubwa kuliko changu.

Weddell kapita kwa ncha za vidole, uso unang'aa. Kaninong'oneza kwamba Hanlon na mama wa fidla, hao wawili, anawataka kila wiki, na nimwambie mama mara akimaliza. Kumbe amejua fundi ni nani! Nikamuuliza kwa mkono, na mimi? Kasema tutaona, mzee, tutaona. Kashaondoka.

Sasa ni kofia. Hapa Hanlon anavua kofia, anamimina, wimbo unakatika.

Wimbo haukukatika, hakuvua. Sijui anafanya nini, sikumfundisha hili — sahani inasikika ikisukumwa, kiti kinaburutwa, nadhani amesimama na kijiko, anazunguka meza. Fidla inakwenda naye. Mtu anayeangalia saa ya kipindi anazungusha kidole, malizeni, malizeni. Hakuna anayemwangalia. Mabega ya Bluma yanatikisika, nikadhani analia, nikainama nimwone usoni.

Anacheka. Amebana midomo ili fidla isiyumbe, na machozi yanamtoka kwa kucheka. Miaka yote ile macho yangu yalikuwa kwenye sahani. Sijui kama mimi aliwahi kunicheka.

Nimemgusa bega. Nimemnong'oneza, Bluma, mchezo umeisha, mchezo wetu unaishia hapa.

Amesogeza kiti mbele kidogo, karibu zaidi na kitundu. Bado anapiga —