Tyubu ya Akiba

NU 6, Mdantsane
Jumanne, siku mbili baada ya mashindano

Kwako Dada Vuyokazi, MaBhele wa ukoo wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima, mgongo umetulia, na zamu za wodini zimepungua kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti la kushoto, ila nimegundua linauma zaidi pale anapotaka mtu mwingine aende dukani. Mvua imenyesha wiki nzima isipokuwa Jumapili, siku ambayo tungeshukuru kupata hata wingu moja.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, tena ndani ya kifurushi. Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu siku hizi mimi na wewe tunaulizana hali ya hewa ya huko Auckland na ya huku eMonti, kisha unasema umechoka, nami nakwambia ulale. Ninalotaka kukuambia linahitaji nafasi zaidi ya hiyo. Nakuomba usome taratibu, na ile bahasha ndogo ya kaki usiifungue kwanza.

Dada, nimekukumbuka mpaka imekuwa aibu. Miezi hii tisa ya mazoezi ndiyo iliyonionyesha. Bwawani kwetu, mtaa wa NU 2, bado naogelea kwa kujibana upande wa kulia wa mstari, kana kwamba kushoto kuna mtu. Kocha Fundile alilivumilia jambo hilo wiki mbili tu. Siku moja akapuliza filimbi, akanisimamisha katikati ya bwawa mbele ya wale wasichana wapya, akaniuliza, “Hiyo nafasi unamwachia nani, mzimu? Bwawa zima lako, mama, ogelea!” Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasogea katikati, na baada ya mizunguko miwili nilikuwa nimesharudi kulia.

Kwenye baiskeli ni vilevile. Unakumbuka mtindo wetu, wa mbele ananyoosha mkono chini kumwonyesha wa nyuma shimo lilipo. Mimi hutoka peke yangu Jumamosi alfajiri, barabara tupu, nyuma yangu hakuna hata paka, na bado naonyesha mashimo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kandokando ya barabara aliniita akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Kocha hajabadilika, kama ulikuwa unajiuliza. Amestaafu kutoka kile kiwanda cha magari, kwa hiyo sasa ana siku nzima ya kututukana. Bado anasema kuwa mimi na wewe tulikuwa tunaogelea kama watu wanaotafuta pete iliyodondoka. Ila ukitajwa anavua kofia na kujikuna kichwa, kisha anasema, “Yule angefika mbali, yule.” Halafu ananiangalia mimi, nami nafunga kamba za viatu hata kama zimefungwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa tano nilipokuambia kwamba nimetuandikisha wote wawili kwa mashindano ya mwaka huu, kuogelea, baiskeli na mbio, ulinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ulicheka kwanza. Ukasema, “Phathi, achana na mimi. Mtu anayesahau tyubu ya akiba siku ya mashindano hafai kupewa hata funguo za geti.” Nikajiambia kuwa ni utani, kwa sababu umekuwa ukilisema hilo kwa miaka minane, kila mara kwa kicheko kilekile.

Kisha mwezi wa nane Mama akaniambia lile jingine. Kwamba hospitalini kwenu walitaka uwe mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, ukakataa. Kwamba ulimwambia, “Mama, mimi ni msahaulifu. Nikisahau mkasi tumboni mwa mtu je?” Mama alinisimulia huku akitingishika kwa kucheka, akichambua maharage ya kupika na mahindi ya umngqusho. Mimi sikuweza kucheka. Nilitoka nje nikakaa juu ya beseni la kufulia lililopinduliwa, na nilikaa hapo mpaka akaniita mara tatu.

Nataka urudi, Dada. Hata kwa wiki mbili, hata kama hutagusa baiskeli. Yanayokuzuia ni mengi na mengine siyajui, lakini moja ni hilo la kujiona mtu asiyeaminika, na hilo ninalijua lilikotoka.

Jumapili nilianza vizuri. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi ya kukera, lakini nilitoka majini kwa dakika arobaini na nane, na hiyo kwangu ni sherehe. Nilikuta baiskeli yangu imetundikwa kwenye reli, na pembeni yake nafasi tupu yenye namba yako. Sikuwa nimekufuta. Kocha alisimama nje ya uzio akipiga makelele, “Usikae kupiga picha hapo! Panda! Panda!” Nikapanda. Kupanda ile milima ya kuelekea Qonce nilijisikia nina miguu ya msichana. Nikageuza, nikaanza kurudi, upepo mgongoni. Nilikuwa na dakika thelathini na tano za ziada kabla ya barabara kufungwa saa sita na nusu. Kila mtu angekuambia kwamba medali ilikuwa mkononi.

Nilipofika njiapanda ya kuingia mji wetu mdogo wa Berlin, pale penye kibao kilichoinama, nilishuka.

Sikupanga. Nilikuwa nimepanga kupita pale nimeinamisha kichwa, nimalize, kisha nikuandikie habari za furaha. Lakini miguu iliacha yenyewe kukanyaga. Nikaegemeza baiskeli kwenye kibao, nikasimama kwenye changarawe, upande uleule uliosimama wewe. Nilitaka kujua muda ule ni mrefu kiasi gani. Dada, ni mrefu mno. Jua linapiga utosini, lami inanuka, na kila anayepita anaondoka na upepo wake. Watu kumi na mmoja waliniuliza kama niko sawa. Kijana mmoja wa Gonubie alipunguza mwendo kabisa, akaniita, “Mama, una tyubu? Una pampu?” Nikamwambia ninazo zote. Akapaza sauti, “Sasa unasubiri nini?” Nikampungia mkono aende, naye alikuwa na mashindano yake.

Nilisimama mpaka lile gari la mwisho, la kuokota waliochelewa, likaja na kunibeba pamoja na baiskeli nzima isiyo na kasoro yoyote. Kocha alinikasirikia vibaya. Alisema ameambiwa nilisimama kando ya barabara kama mtu anayesubiri basi, miguu mizima, baiskeli nzima, na kwamba yeye hafundishi watalii. Nikamdanganya kwamba misuli ilikaza. Mama akanipakulia nyama zaidi na kuniambia kuna mwaka mwingine. Nikaila ile nyama, na uongo nao nikaumeza.

Wewe sitakudanganya tena. Rudi nami kwenye mwaka ule.

Unakumbuka zile baiskeli zetu mbili tulizozipata kwa mwalimu wa mtaa wa Cambridge hapa mjini, zenye magurudumu madogo, kwa sababu mimi na wewe tulikuwa wafupi na zile za watu wote zilitutesa. Watu walituita mapacha wa sarakasi. Tulijua kwamba katika mashindano yote hakuna mwingine mwenye saizi ile, kwa hiyo kila mmoja alibeba tyubu yake ya akiba kwenye kifuko chini ya kiti. Jumamosi mchana, tulipopeleka baiskeli zikalale kwenye reli, Kocha alituambia kama anavyowaambia watu wote kila mwaka, tupunguze upepo kwenye matairi, kwa sababu litawaka jua mpaka jioni na tyubu iliyojaa itapasuka. Wewe ulipunguza. Mimi niliona nitapoteza muda asubuhi kujaza tena, na nilijifanya nimepunguza.

Jumapili alfajiri nilikuta tairi langu la nyuma limelala. Lilipasuka jana yake, nadhani, sisi tukiwa nyumbani tunakula. Nikabadilisha haraka kwa tyubu yangu ya akiba kabla hujarudi kutoka kwenye foleni ya choo, maana niliogopa utanicheka, na zaidi niliogopa Kocha. Nikawa sina akiba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na nilikuwa nimewaambia watu wote kanisani. Nikatazama kifuko chako. Nikajiambia kuwa Vuyo hajawahi kupata pancha maisha yake yote, Vuyo ana mkono mwepesi, mimi ndiye mwenye mikosi. Nikafungua zipu, nikaitoa tyubu yako, nikaitia kwenye kifuko changu. Nilikuwa nitakuambia tukivaa suti za kuogelea. Kisha ukaja, ukanifungia zipu ya mgongoni, ukanipiga kofi begani ukasema, “Tutaonana kwenye ubwabwa,” nami sikusema.

Unadhani hilo ndilo ninaloungama. Ningeshukuru kama lingekuwa hilo tu.

Ulinitangulia kutoka majini kama kawaida. Nilipokuwa narudi kutoka mlimani niliona mtu amesimama penye kibao cha Berlin, baiskeli miguuni pake, gurudumu dogo mkononi. Nilikujua kutoka mbali. Nilijua kimetokea nini kabla sijafika. Walikuwapo wanaume wanne mbele yangu, mmoja akasimama, akatazama saizi ya gurudumu, akatikisa kichwa, akaondoka. Na wewe ukawa unatazama barabara kwa nyuma yao. Ulikuwa unanitafuta mimi. Ulijua kuwa mdogo wako ana tyubu ya saizi ile.

Nilikuwa nayo, Dada. Yako. Ilikuwa chini ya kiti changu. Nilikuwa nahitaji kuvuta breki tu, lakini ningekupa na kukuambia imetoka wapi? Mkono wako ungeijua. Nikainamisha kichwa, nikajificha nyuma ya mgongo wa mmoja wao, mwanaume mpana mwenye shati la njano, nikakupita. Nilihesabu mpaka mia mbili kabla ya kuinua uso.

Mengine unayajua kuliko mimi. Fundi wa mashindano alikuja baada ya dakika arobaini, akaikunja tyubu kubwa na kuishindilia, ukarudi ukiyumba, ukakuta barabara imefungwa dakika tisa zilizopita. Na bado, nilipokuwa namaliza mbio, niliona mtu kwenye uzio anaruka na kuliita jina langu mpaka sauti imekwisha. Ulinikumbatia na jasho langu lote. Ukasema, “Angalau mmoja wetu.” Kisha jioni ile ukapekua kifuko chako mbele ya Mama, ukasema, “Ajabu, ningeapa kwamba niliiweka.” Ukasema hivyo mara mbili. Mara ya tatu ukasema, “Basi nilisahau.” Nilikuwa nimekaa mkono wako wa kushoto, medali shingoni.

Miezi mitatu baadaye ukaondoka. Najua uliondoka kwa sababu ya kazi. Lakini sijui kama uliniona siku ile. Miaka minane naisikiliza sauti yako nikitafuta jibu, na kila unapocheka kuhusu usahaulifu wako sijui kama hujui, au kama unanifungulia mlango nipite.

Sasa fungua bahasha ya kaki. Ndiyo hiyo. Sikuihitaji siku ile, wala siku nyingine yoyote. Haijawahi kutiwa upepo hata mara moja. Kila mwaka nimeipaka poda isikauke. Imekunjwa vilevile ulivyoikunja wewe, na ile raba yako ya nywele ya bluu uliyoifungia, kwa fundo lako, sijaifungua. Itazame vizuri kisha uwaambie watu wa hospitali chochote unachotaka kuwaambia. Hukusahau, Dada. Uliiweka.

Mama bado hajui. Nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani, kwa hiyo barua hii ikikufikia atakuwa anajua, na Kocha atakuwa anajua, na nadhani Mdantsane nzima pia. Usiniombee msamaha kwa Mama, najua ulivyo. Niache nitukanwe.

Mwaka ujao sitaandika jina lako bila ruhusa yako. Nitaandika langu peke yake, na nitaendelea kuogelea upande wa kulia.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kunywa kahawa badala ya chakula. Kocha Fundile anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia, kwa sababu anakusalimu kila siku. Wasalimie wenzako wa wodini. Nami nakusalimu kwa aibu, na kwa hamu ambayo imenizidi. Ukinijibu nitafurahi. Usiponijibu, nitaelewa kwamba uliniona.

Mdogo wako,
Phathiswa