Kumbukumbu ya Hung Tien-tsai, Mpishi wa Karamu, Aliyeacha Pombe Asiache Popoo

Mwaka umetimia, Baba Shu-chen, tangu gari la wagonjwa lilipokurudisha nyumbani Fangliao ukiwa na pumzi za kuhesabika. Tulikulaza sebuleni mbele ya madhabahu ya mababu zako kama ulivyotaka, na mchana uleule ukatuacha.

Mimi Chin-lien, mkeo, ndiye ninayesema haya kwa niaba ya nyumba nzima. Watoto walitaka niseme mazuri tu. Nimewaambia mazuri yapo, tena mengi, lakini wanaokujua wakisikia mazuri matupu watauliza anayesifiwa ni nani.

Ulikuwa mpishi wa karamu za mtaani. Mtu akimwoza mwana, akihamia nyumba mpya au akitoa shukrani hekaluni, aliitwa Fundi Tien-tsai. Hema lilifungwa katikati ya barabara, meza za duara zikavishwa vitambaa vyekundu, na wewe kando ya mtaro, na fulana yako na viatu vya mpira, ukipigana na moto. Wali wako wa kunata kwa kaa watu waliufuata kutoka vijiji vya mbali. Ulikuwa na mdomo mchafu jikoni. "We A-Kun! Hiyo ni supu au maji ya kuogea?" Na A-Kun, msaidizi wako tangu ujana, alikuwa akijibu, "Ionje kwanza, Fundi, ndipo uoge."

Lakini msiba wa mtu asiye na kitu uliupikia sawa na harusi ya tajiri. Chakula kilichobaki ulikifunga kwenye mifuko, ukampelekea Bibi Tsai asiyeona kabla wewe mwenyewe hujatia tonge mdomoni. Bado anauliza kama ni wewe kila akisikia pikipiki ikisimama.

Na shavuni, wakati wote, popoo. Fundi aliyekufundisha kazi alikutilia ya kwanza ukiwa kijana, usije ukasinzia penye mafuta ya moto. Popoo mbichi, chokaa, jani la tambuu, na sigara sikioni ikingoja zamu yake. Nilipoolewa na wewe nilidhani meno yako yamezaliwa mekundu.

Homa ya ini ulitoka nayo tumboni kwa mama yako, kama kaka zako wawili waliotangulia. Juu yake zikaja pombe za shukrani. Kila mwenye karamu alikuja jikoni na bilauri, nawe kukataa hukujua. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, na siku ya sherehe ya hekalu ukatapika damu mbele ya sufuria zako. Kule hospitalini Kaohsiung daktari hakuzungusha maneno. Ulihitaji ini jingine, na upesi.

Damu ya mwanetu Jung-hua haikuafikiana na yako. Ya binti yetu Shu-chen ikakubali. Ulipoambiwa, uligeukia ukutani.

"Sitaki. Hujaolewa. Nani atakutaka na kovu la tumbo zima?"

"Asiyelitaka kovu hanitaki mimi, Baba. Tena ini huota, wamesema. Tia saini tukale."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu."

"Nimekirithi. Tia saini."

Alikupa zaidi ya nusu ya ini lake. Mlilazwa vyumba viwili tofauti, mkawa mnaulizana hali kupitia kwangu, nami nikienda huku na huku kama mtumishi wa karamu.

Siku ya kuruhusiwa, Muuguzi Kuo alikukalisha chini, akasema nawe polepole. "Mjomba, dawa hizi utakunywa maisha yako yote. Zinauzuia mwili usilipige vita ini la binti yako. Lakini zinawalaza walinzi wote wa mwili, si wale wanaolishambulia ini peke yao. Saratani ikija, haikuti mtu mlangoni. Kwa hiyo pombe basi, sigara basi, popoo basi. Na kila mwaka uje tukuangalie na mdomo pia."

Ukasema, "Nimesikia, binti."

Ulisikia neno moja tu, pombe.

Na pombe uliiacha kwelikweli, hilo nalisema mbele za watu. Nakumbuka harusi ya kina Hsu, baba wa bwana harusi alikukamata mkono. "Fundi, tone tu, usinitie aibu!" Ukainua kikombe cha chai. "Ini hili ni la mwanangu. Nikilinywesha pombe atakuja kulidai." Watu wakacheka, wakakupigia makofi. Nami nilijivunia wewe siku ile, japo ulicheka na ufizi mwekundu.

Mwaka wa kwanza ulijitahidi. Sigara ulipunguza, popoo ukaacha kwa miezi kadhaa. Kisha kazi zikakuzidi na kila msaidizi wako alikuwa na pakiti mfukoni. Ukaanza kusukutua kinywa kwenye bomba la jirani kabla ya kuingia nyumbani.

"Fungua mdomo," nikakuambia siku moja.

"Mimi ni ng'ombe wa mnadani?"

"Fungua, Baba Shu-chen."

"Sikiliza, mwanamke. Adui wa ini ni pombe. Popoo haifiki tumboni. Naitafuna, naitema, imekwisha. Na sigara inakwenda kifuani. Ini liko wapi hapo?"

Shu-chen alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupaza sauti. "Baba, ini langu sikulitoa kwa ajili ya tumbo lako tu. Nilikupa wewe, mtu mzima, na kinywa chako."

Siku chache hukutafuna. Baadaye A-Kun akakupokeza moja, kama mtu anavyompokeza mwenzake kiberiti, na wewe ukaipokea.

Kila ulipokwenda kliniki damu yako ilikuwa safi, ukarudi unapiga mluzi. Kliniki ya mdomo uliiruka. "Watanitafutia nini mdomoni? Nimeshawalipua na harufu ya vitunguu." Miaka ikapita hivyo. Tuliona unaanza kuonja supu kwa kijiko cha chai, kwa kuwa kinywa hakifunguki tena kupokea upawa. Ulisema ni uzee wa taya. Kikatokea kidonda ndani ya shavu, ukalaumu pilipili, kisha ukalaumu jino. Jung-hua alikupakia garini karibu kwa nguvu.

Daktari alitazama karatasi za ini kwanza. "Ini hili ni zuri mno," alisema. "Natamani wagonjwa wangu wote wawe nalo." Kisha akamulika shavu lako kwa tochi. Walikata kipande cha nyama wakakipima. Saratani. Tulipouliza ilikuwaje ikawa kubwa hivyo, alisema popoo na sigara hufanya kazi yake kwa mtu yeyote, ila kwa aliyelazwa walinzi wake huifanya mbio.

Walikutoa shavu la kushoto na sehemu ya taya, wakaziba kwa nyama ya paja lako. Ulipozinduka ulinitazama kwa jicho moja lililokuwa wazi. Nikakuambia, "Bado wewe ni mzuri kuliko A-Kun." Ulitaka kucheka, machozi yakakutoka kwa maumivu.

Baada ya hapo hukusema tena kwa kueleweka. Chakula kikaingia kwa mrija wa puani. Wewe, uliyelisha wilaya nzima! Madaktari walikuwa kwenye kamba nyembamba: wakipunguza dawa ili mwili upambane na saratani, ini lingekataliwa, wakiziacha zilivyo, saratani ingekula mwili. Wakapunguza kidogo, wakakupiga mionzi. Shingo ikawa nyeusi kama chungu, na uvimbe ukarudi chini ya sikio.

A-Kun alikuja kukuona. Alisimama miguuni pa kitanda, akalia kwa sauti mpaka wauguzi wakachungulia. "Fundi, amka tukapike! Nani atanitukana sasa?" Kisha akatoka, na dirishani nikamwona chini kule, kando ya maegesho, anafungua pakiti, anatia popoo shavuni huku bado anafuta machozi. Wewe pia ulimwona. Ulifumba macho.

Wiki yako ya mwisho ulimwita Shu-chen kwa kidole. Ulichukua kiganja chake, ukakiweka juu ya kovu lako, ubavuni kulia. Kisha mkono wako ukainuka, ukajipiga kofi penye bandeji. Mara ya pili akaudaka hewani. "Basi, Baba. Basi. Nimeelewa."

Daktari alimwambia Shu-chen kwamba ini bado linafanya kazi yake barabara. Binti yako alitoka akakaa chini kando ya ukuta wa korido. "Mama, afadhali lingeshindwa lenyewe," alisema. Nikaketi sakafuni kando yake.

Jumapili tumefanya ibada ya mwaka wako. Tulikuwekea chai, matunda na wali wa kunata ambao Jung-hua aliupika, haukufikia wako. A-Kun akaja na pakiti ya popoo na sigara, akataka kuviweka mezani mbele ya picha yako.

"Hapana, Ami A-Kun," Shu-chen akamzuia.

"Mtoto wee, mtu kashakufa! Itamdhuru nini tena?"

"Yeye haimdhuru. Fungua mdomo wako nikuone."

"Hata wewe? Mimi sijapandikizwa chochote!"

Vidole viwili havikupita kati ya meno yake, kama ilivyokuwa kwako. Jumatatu asubuhi Shu-chen alimtoa kwenye kibanda cha popoo mbele ya wateja wote, akamtia garini akitukana njia nzima, akampeleka kupimwa. Wameona utando mweupe ndani ya shavu, wamechukua kipande. Majibu hayajatoka. Tangu juzi anakuja kwetu kila mchana, anakaa kwenye kiti cha jikoni, shavu tupu. Nampa chai. Ukiwa na neno huko uliko, msemee kwa mababu.

Wanaokulilia ni mimi mkeo Su Chin-lien. Binti yako Shu-chen na mumewe. Mwanao Jung-hua na mkewe. Dada yako Hung Yueh-o. Wajukuu zako, pamoja na yule aliyezaliwa baada yako na kupewa herufi moja ya Kichina ya jina lako. Na wapishi wako wote.

Hatutakusahau, Baba Shu-chen, hata zile siku ambazo tungependa kupumzika kidogo tusikuwaze.