Ukurasa Unaofuata Siku za Soko

KITUO CHA POLISI, KOTAGEDE, YOGYAKARTA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kuntari Prabaningrum
Umri: Miaka 53
Kazi: Kutengeneza tovuti
Makazi: Nyuma ya Soko la Legi, Kotagede
Tarehe na saa: 17 Julai 2024, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya: Sajini Purwoko

"Tovuti ya Mama Kuntari ni nakala ya kazi yetu, na ushahidi ni kwamba ilibadilika siku ileile tuliyozindua ya kwetu."

Maneno hayo si yangu. Yameandikwa katika malalamiko ya kampuni ya Rimba Sembada ya Jakarta, na yametiwa saini na mkuu wake wa usanifu, Bwana Panji Wicaksana. Nusu ya kwanza ni uongo. Nusu ya pili ni kweli tupu, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu kuonyesha jinsi kweli hiyo inavyoumeza uongo huo.

Kampuni inataka tovuti yangu ifungwe, na kwa mwaka mzima kila atakayeifungua akute maandishi yangu ya kuomba radhi, basi. Tovuti hiyo ina jina langu. Nimekuwa nikiijenga na kuibomoa tangu mwaka 2003. Hakuna mteja aliyenilipa kwa ajili yake, na ndiyo maana humo ndimo nilimojifunza kila kitu ninachowauzia wateja. Wapo wanaosema tovuti ya mtu binafsi ni mchezo wa wapenda sifa. Nawajibu kwamba mafundi wafua fedha wa mtaa wetu kila mmoja ana kipande cha shaba anachokigonga kwanza kabla hajaigusa fedha ya mteja. Ile ndiyo shaba yangu. Wakinipokonya, nitabaki mwanamke wa miaka hamsini na tatu anayejulikana kwa wizi. Tayari chama cha wachora batiki, ambao ni wateja wangu wa siku nyingi, kimeniambia kazi yetu isimame mpaka jambo hili liishe.

Sajini ananiomba nifuate mpangilio wa tarehe. Nafuata.

Mwaka 2009 niliijaza tovuti yangu majani yanayoanguka, simu za watu zikapata moto. Mwaka 2014 niliifanya kijivu yote, kwa sababu wasanifu wa ng'ambo walikuwa wakitangaza kwamba rangi ni ushamba, na mimi niliwasoma wote na kuwaamini nusu. Mwaka 2017 niliondoa menyu, nikidhani mgeni mwenye akili ataijua njia mwenyewe. Hakuijua. Sioni haya kuyataja. Anayejaribu huacha vifusi, na mtu asiye na vifusi nyuma yake mwulizeni nyumba aliipata wapi.

Mwaka 2018, asubuhi ya Legi, siku kuu ya soko letu, nilimwonyesha tovuti hiyo Bibi Warsinem. Bibi Warsinem aliuza kipo, vile vikeki vidogo vya kijani, ndani ya lango la kaskazini la soko letu, tangu kabla sijazaliwa. Aliishika simu yangu mbali na uso, akaitazama kwa muda.

"Tari," akasema, "hili duka lako mbona limevaa nguo moja kila siku, kama mgonjwa wa hospitali? Hata soko hili lina siku yake ya kujipamba."

Nilimwambia, "Bibi, hili si duka, ni tovuti."

"Basi ndiyo maana halina wateja," akasema, akaendelea kugeuza vikeki vyake.

Niliudhika mpaka nyumbani. Nilipofika nikaketi, nikaanza kazi.

Siku zetu za soko ni tano: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, kisha Legi tena. Soko la Kotagede hujaa siku ya Legi. Niliamua ukurasa wangu uvae kwa kufuata siku hizo, ujigeuze wenyewe, mimi nisiuguse. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Siku ya Pahing herufi ni kubwa na zina ukingo kama fedha iliyofuliwa. Siku ya Pon ni safu moja nyeupe ya kazi. Siku ya Wage karibu kila kitu kimefagiliwa. Siku ya Kliwon ukurasa ni mweusi, una maandishi machache na ua moja la asumini pembeni, kwa sababu siku hiyo nyumbani kwetu tunaweka maua na kushusha sauti.

Siku ya Legi ni soko. Niliingia sokoni na karatasi, nikalichora lilivyo: mboga katikati, mizizi ya dawa kushoto, wauza visu kwenye kona, wauza ndege nje ya ukuta na vizimba vyao vimetundikwa. Kisha kila kazi yangu nikaipa mahali pa mfanyabiashara mmoja. Makala zangu za ugomvi niliziweka penye visu. Kulia kwa lango la kaskazini niliweka picha ya kipo.

Bibi Warsinem alifariki mwezi wa Februari mwaka 2022. Wenzake sokoni hawakugawana mahali pake. Mwenye ndizi upande huu na mwenye vikapu upande ule wanapazunguka mpaka leo. Legi iliyofuata nami niliiondoa picha ya kipo kwenye ukurasa, nisiweke kitu. Katika msimbo, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta kipi kikae wapi, mahali hapo nilipaandika warsinem. Sikumweleza mtu. Halikuwa jambo la kutangaza.

Mnamo tarehe 3 Juni 2024 kampuni ya Rimba Sembada ilizindua tovuti ya mteja wake, ambaye ana maduka ya samani. Niliiona siku mbili baadaye. Ilikuwa Legi yangu. Makochi yamekaa penye mboga, meza penye mizizi ya dawa. Penye vizimba vya ndege wametundika taa, nazo zinabembea vilevile ndege wangu wanavyobembea. Niliwaandikia barua ya adabu kuuliza imekuwaje, adabu ambayo wanaonifahamu hawakuiamini walipoisoma. Kampuni haikunijibu. Ilikuja hapa kituoni kunishtaki. Aliyeiba ndiye aliyewahi kupiga ukunga.

Ushahidi wao ni picha tatu za ukurasa wangu zilizopigwa kwenye skrini: ya tarehe 23 Mei, ya tarehe 28 Mei na ya tarehe 2 Juni. Zote tatu ni nyeusi. Hakuna soko. Halafu ipo picha ya nne, ya tarehe 3 Juni, na humo soko limejaa. Nakiri kwamba mtu akizitazama picha hizo peke yake, mimi ni mwizi.

Leo saa tatu na nusu asubuhi, kabla maelezo haya hayajaanza kuandikwa, tuliketi katika chumba hiki watu watatu: mimi, Sajini Purwoko na Bwana Panji, ambaye ameletwa na treni ya usiku. Bwana Panji aliufungua ukurasa wangu kwenye kompyuta yake. Ulikuwa mweusi. Akaigeuza skrini kwa Sajini.

"Umeona, afande? Mwezi uliopita hapa palikuwa na soko zima. Amelifuta. Amejua anaitwa polisi, ameficha ushahidi."

Sajini aliniuliza, "Mama, umelifuta?"

Nilimwambia sijagusa kitu. Nikamwomba ageuke aitazame kalenda iliyo ukutani nyuma ya kiti chake.

Ni kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, kama zile zinazotundikwa kila nyumba, na chini ya kila tarehe limeandikwa jina la siku ya soko kwa herufi ndogo. Ilichapwa kabla mwaka huu haujaanza. Ningeweza kuleta kumbukumbu za mtambo wangu, lakini wakili wao angesema nimezitunga. Duka la misumari halijui kama mimi nipo duniani.

"Leo Kliwon," alisema Sajini.

Alizichukua zile picha tatu, akafunua kurasa za kalenda kurudi nyuma, akaweka kidole. Tarehe 23 Mei, Kliwon. Tarehe 28 Mei, Kliwon. Tarehe 2 Juni, Kliwon. Kisha, bila mimi kumwambia, akasogeza kidole hatua moja mpaka tarehe 3 Juni, siku ya uzinduzi.

"Legi," akasema. Akamgeukia Bwana Panji. "Kaka, wewe si mtu wa Klaten, hapa jirani?"

"Wazazi wangu, afande. Mimi nimekulia Jakarta."

"Hata Jakarta kalenda zinauzwa."

Sajini alimwuliza kama walipiga picha siku nyingine katikati ya hizo. Alijibu kwamba zipo ofisini, ila hazihusu. Naomba jibu hilo liandikwe lilivyo. Walikuwa na soko langu mkononi tangu Mei, wakaliacha ofisini, wakachukua picha nyeusi peke yake kuja kunifunga nazo. Hawakujiuliza kwa nini weusi huo unarudi kila baada ya siku tano. Mama zao wangewaambia kabla chai haijapoa.

Bwana Panji hakukubali. Alisema ukurasa kubadilika kwa ratiba hakuonyeshi nani alilichora soko kwanza. Hiyo ilikuwa hoja ya haki, na niliifurahia, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia mlango. Nilimwomba afungue tovuti yake ya samani. Nilimwonyesha upande wa juu kulia, kati ya viti na kabati, mahali ambapo hapana kitu.

"Hapa mbona hamkuweka samani?" nilimwuliza.

"Ni mahali pa macho kupumzika, Mama. Huo ni msingi wa usanifu."

Nilimwomba afungue maandishi ya ndani ya mahali hapo, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alifungua. Sajini aliinama akasoma herufi moja moja.

"Warsinem," akasema. "Hii ni nini?"

"Ni istilahi ya kitaalamu, afande."

Sajini aliweka kalamu chini. "Kwetu Imogiri," alisema, "tunazo istilahi mbili za namna hiyo, na moja inafuga bata."

Askari wa meza ya pili alitoka nje kucheka. Mimi sikucheka. Niliwaambia Bibi Warsinem alikuwa nani, aliuza nini na alikaa wapi. Nilikunywa maji niliyopewa, kisha nikaeleza kwa nini mahali pake hapana kitu. Muda wote huo Bwana Panji alikuwa akiutazama mstari ule kwenye skrini.

Aliomba ruhusa ya kupiga simu. Aliporudi alisema kampuni inayaondoa malalamiko, na kwamba wangependa tumalizane kimyakimya, kama watu wa fani moja. Nilimwambia kimya nilikuwa nacho tangu Februari ile aliyofariki Bibi, na wao ndio waliokichukua wakakibandika katikati ya viti na kabati. Nikamwomba Sajini achukue karatasi aandike. Ndiyo maana maelezo haya yapo.

Naandikisha pia hili. Kwa miaka ishirini nimesikia wataalamu wakifundisha kwamba ukurasa mzuri ni ule usio na kwao, unaoweza kukaa Jakarta au popote na usitambulike umetoka wapi. Leo asubuhi, katika chumba chenye meza mbili, fundisho hilo limeshindwa. Ukurasa wangu una kwao, na kwao ndiko kulikousimamia. Umetetewa na kalenda ya duka la misumari na jina la bibi aliyeuza vikeki. Mimi nilifanya kazi ya kunyoosha kidole tu.

Sasa nasema na nyinyi wakuu wa Rimba Sembada, kwa sababu Sajini ameniambia mtapelekewa nakala. Sitaki fedha yenu, wala barua ya kuomba radhi. Liondoeni soko letu kwenye tovuti ya samani kabla ya Legi ijayo baada ya hii ya kesho, yaani tarehe 23 Julai. Waandikieni wachora batiki kwa mkono wenu kwamba mlikosea, ili warudi kazini. Na siku hiyo ya tarehe 23 mleteni Bwana Panji. Aingie kwa lango la kaskazini. Kati ya mwenye ndizi na mwenye vikapu ataona nafasi. Asimame kando yake, si juu yake, awaambie waliopo kwamba ile ndiyo istilahi yake ya kitaalamu. Mje mapema. Soko likishajaa, mahali pekee patakapobaki wazi ni pale, na pale hapakaliwi.

Nimesomewa yote niliyoyasema na nimeyatambua. Maelezo yangu yanaishia hapa, na hakuna neno ndani yake nililoazima.

Sahihi ya shahidi: K. Prabaningrum

Nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, na nimemsomea mpaka mwisho. Shahidi aliombwa mara mbili apunguze ukali wa maneno. Alikataa mara mbili. Mlalamikaji ametia saini ya kuondoa malalamiko saa sita mchana.

Sajini Purwoko, 17 Julai 2024

Nyongeza, 18 Julai 2024, saa moja asubuhi. Nimeufungua ukurasa wa shahidi kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa zamu. Soko limejaa, ndege wanabembea. Kulia kwa lango la kaskazini hapana kitu.

Sajini Purwoko