Mwanamke Katika Picha za Huibert

Haarlem, tarehe 9 Oktoba 1671

Dada yangu mpendwa Machteld,

Salamu nyingi zikufikie huko Deventer, nami naomba zikukute mzima wewe, wanao na wajukuu, na goti lako liwe limekupa nafasi ya kupumua. Sisi hatujambo. Mke wangu Grietje ana kikohozi kidogo, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja. Ile keki ya asali uliyotutumia ilifika nzima. Tuliila siku mbili, na ingefika siku tano kama majirani wasingekuwa na pua.

Dada, habari ninayokuandikia leo inamhusu Huibert Aertsz, yule mchoraji. Najua huna desturi ya kulitaja jina lake. Nakusihi usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho.

Huibert anaumwa kifua tangu mwezi wa nane. Tabibu anasema akiuona mwaka mpya itakuwa kwa rehema za Mungu. Kitanda chake kimesogezwa karibu na dirisha, na mtumishi wake Trijn, mama mtu mzima asiyemwogopa yeyote, anamlisha supu ya dengu na kumgombeza akiomba brashi. Miaka yote hii hakuoa. Kila alfajiri alipanda vilima vya mchanga na kijidaftari chake, akakaa kwenye baridi akiyangoja mawingu kama mtu anayengoja wageni. Akirudi, huanza na mbingu. Nchi hubaki ukanda mwembamba chini ya picha: paa za mji, kinu cha upepo, vitambaa vya kitani vimeanikwa majanini. Siku moja mwenye kiwanda cha bia alimnung'unikia kwamba amemwagiza mandhari, naye amemletea mawingu matupu. Huibert akamjibu, "Bwana, ardhi ya hapa kwetu tumeichota majini kwa ndoo, ndiyo maana ni kidogo. Mbingu tulipewa bure." Yule bwana akacheka mpaka akaichukua.

Mimi, kama ujuavyo, ndiye niliyemchorea watu. Yeye akimaliza miti na njia, naingia na brashi ndogo kuweka mvuvi, mbwa, mzee na fimbo yake. Jambo ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba karibu kila picha aliniagiza jambo moja: mwanamke mwenye koti jekundu, mbali kidogo, anatembea njiani. Hakunieleza ni nani, wala mimi sikuuliza. Nilijua. Ni mwendo wako, Dada, bega la kushoto likitangulia, mkono mmoja umeshika sketi kana kwamba kila njia ina tope. Leo hii uko kwenye kuta za matajiri wa Amsterdam, mdogo kuliko ukucha wa kidole.

Wiki iliyopita aliniita. Kulikuwa na turubai moja isiyokwisha, njia ya vilimani mvua ikiwa imetoka kukatika, mbingu yake nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Akaniambia, "Haya, mweke pale penye mwanga." Nikachovya brashi, mkono ukakataa. Nilijaribu mara tatu. Mwishowe nikaiweka brashi chini, nikapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia neno ambalo sasa nakuambia wewe.

Dada, Huibert hakukukimbia. Mwaka ule wa 1640, kabla hajaondoka kwenda upande wa mashariki, alinipa barua nikuletee. Sikuileta. Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba na mama wako kaburini, na wewe ndiwe uliyekuwa nyumba yangu, sahani yangu na moto wangu. Niliona ukiolewa naye mtaondoka, nami nitabaki na kuta. Nikaisoma, nikaitia motoni, kisha nikaenda alikokuwa akisubiri jibu, nikamwambia, "Dada amesema hapana, na usimsumbue tena." Akaniangalia, akavua kofia kama aagaye mtu mkubwa, akaenda zake. Wewe ulilia majira yote ya baridi, nami nikakuletea maji ya moto nikijifanya sijui kisa. Mwaka uliofuata ukaolewa na mwokaji.

Nilipomaliza, nilitarajia anifukuze. Alikohoa kwanza, kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nilijua, shemeji." Shemeji! Miaka kumi na tisa iliyopita alikutana na rafiki yako Neeltje, naye Neeltje akamwambia ulivyokuwa ukiuliza ni kosa gani ulimfanyia hata akaondoka bila kuaga. Nikamuuliza mbona hakuja kwako. Akasema, "Alikuwa na watoto watatu na mume mwema. Ningempelekea nini zaidi ya kumwibia usingizi?" Nikamuuliza mbona basi hakunivunja mimi shingo. "Nilitamani," akasema. "Kwa miaka miwili nilimpa mtu mwingine kazi yako. Lakini watu wake walitembea kama vigingi. Ni wewe peke yako uliyemkumbuka anavyotembea." Trijn, aliyekuwa mlangoni na bakuli, akaniambia, "Sasa futa uso uandike kwa dada yako, zee zima wewe!" Huibert akaongeza kwamba nisikuandikie kwa ajili yake, bali kwa ajili yako, ujue kwamba hukuwahi kuachwa.

Mumeo ametangulia miaka minne sasa, kwa hiyo nadhani sikuvunjii chochote. Sikuombi msamaha; hiyo ni haki yako, utaitoa au utaizuia. Ukitaka kuja, mashua za Kampen bado zinavuka kwenda Amsterdam kabla ya barafu. Usipite kwangu kwanza. Trijn amesema mlango hautafungwa.

Wasalimie wanao wote, na wajukuu, na Neeltje ukimwona. Grietje anakusalimu, nimemwambia yote, na tangu jana hanisemeshi, jambo linaloniuma kuliko kelele zake. Bwana akulinde.

Na kwa kuwa nilipewa barua nikuletee, nakuletea. Maneno yake nilishindwa kuyasahau:

"Machteld, sina nyumba wala jina, nina mikono miwili na macho. Jumapili baada ya ibada nitakuwa langoni kwa mama yangu. Ukija, nitazungumza na mchungaji siku hiyohiyo. Usipokuja, mtume Reinier aniambie, nami nitaondoka nisikuaibishe. Lakini njoo. Wako, Huibert."

Mimi niliyekukosea,
Mdogo wako, Reinier