Nyumba Aliyoichagua Baba

Mount Druitt, 27 Juni 2021

Mpendwa Dada Brigitha,

Shikamoo. Baba alitukataza kukupigia simu, lakini barua hakuitaja, kwa hiyo leo nakueleza yote bila kuficha.

Sisi ni wazima. Mwalimu ameisifu insha yangu, na Mama ameshona barakoa za kitenge.

Wiki iliyopita tulikaa mezani kupanga safari ya Melbourne, likizo hii ya baridi. Mimi nilitaka makumbusho, mdogo wetu Ulimboka akataka uwanja wa mpira. Baba akasema ameshapata nyumba ya kufikia. Ulimboka akaitafuta kwenye ramani, akaikuta pembezoni kabisa mwa jiji, akacheka.

"Sasa Baba, huko mbali hivyo kuna nini?"

"Kuna Brigitha."

Dada, tangu ulipoolewa bila idhini yake, jina lako halikuwahi kumtoka. Mama aliinuka, akaenda kusimama jikoni bila kushika chochote. Kisha Baba akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, "Mtoto wake ameshaanza kutembea?" Hatukujua hata kama anajua ana mjukuu!

Jana serikali ikatangaza Sydney yote, pamoja na huku kwetu Mount Druitt, ifungwe kwa sababu ya korona. Hakuna safari. Sisi tumeshatoa nguo kwenye mabegi. Begi la Baba bado limesimama mlangoni.

Nataka kumwomba akupigie yeye mwenyewe. Nijibu mara tu barua hii ikifika: akipiga, utapokea?

Mdogo wako akupendaye,
Avelina