Kichwa Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegunduliwa! Miaka ishirini na mbili napaka mabango ya watu, na siku ya kugunduliwa nimekutwa juu ya ngazi, namalizia mguu wa kuku kwenye bango la bucha. Dada mmoja mwenye miwani mikubwa akasimama chini, akauliza kama ni mimi niliyechora ule ubao wa vichwa tisa kwa kinyozi. Nikadhani kuna malalamiko. Nikamjibu inategemea anayeuliza ni nani.

Kumbe anaandaa maonyesho ya wachoraji wa mitaani. Ukumbi mkubwa, ule wenye sakafu ya kuteleza! Anautaka ubao ule, na jina langu chini yake kwa herufi kubwa. Nimerudi nyumbani nikielea. Kuku nimemwacha na mguu mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia dada yangu. Kapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Ndiye huyu huyu ambaye kila tukikutana huniuliza nitatafuta lini kazi ya kueleweka! Ameshanichagulia gauni. La kwake. Mume wangu yeye kacheka tu, eti sasa nitaanza kuvaa miwani ya jua chumbani.

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: nalitaka jina langu pale ukutani. Nalitaka kama mtoto anavyotaka pipi. Mabango zaidi ya mia tatu mjini humu, na hakuna hata moja lenye jina langu. La kila mwenye duka lipo. Hata mbwa mkali ametajwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi kanuna. Anasema mkono uliochora ni wangu, kwa hiyo niamue mwenyewe, ila wateja wake wataonyesha nini? Kwake hakuna anayeeleza anavyotaka nywele. Unaingia, unanyoosha kidole ubaoni, unakaa.

Nikamwambia asihangaike, namchorea ubao mwingine. Nimeshinda nao kutwa nzima. Vichwa vinane vimekubali. Namba nne kagoma.

Siri ya namba nne naiandika mara moja tu: rangi nyeusi iliniishia. Juu ya sikio la kushoto nikaacha pengo, limekwenda upande, kama kitu kilichong'atwa na panya. Nikasema kesho nitamalizia. Kesho yake nakuta mtu kakaa kitini, anasema anataka kama huyo wa nne. Miaka kumi na moja sasa! Nimeuona mtindo ule kwa kondakta. Nimeuona kwa mwalimu wa hesabu wa mwanangu. Nimeuona kwa bwana harusi, tena kajipaka mafuta ung'ae.

Sasa leo nikichora pengo linatoka zuri. Nafuta, narudia, linazidi kuwa zuri. Mara ya tano kinyozi akainamisha shingo, akasema huyu amenyooka mno, anafaa kitambulisho. Jamani, kukosea kwa makusudi ni kazi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu gauni la dada. Linabana. Nimekaa nalo nusu saa hata hivyo, mbele ya kioo, nikijipongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Daftari nimelisahau nyumbani. Naandika nyuma ya fomu ya maonyesho, nitaibandika baadaye. Niko kwenye benchi la kinyozi. Gauni limeanza kuachia kwapani.

Ufunguzi ni saa tisa. Dereva wa ukumbi kaja na gari, kanipa fomu nisaini ili abebe ubao. Ameshauteremsha, ameuegemeza mlangoni, vichwa vinatazama nje. Kitini kuna mteja wa namba nne, upande mmoja tayari, wa pili bado. Kinyozi kasimama na mashine inanguruma bure. Eti hajawahi kuukata mtindo ule bila kuutazama ubaoni, na ubao mpya bado hauna namba nne. Nikamwambia ameshaukata mara elfu! Akanijibu, "Na wewe si ndiye uliyeuchora? Mbona juzi ulikushinda?"

Hapo dereva akavua kofia afute jasho. Namba nne! Pengo lile lile, limekwenda upande vile vile. Nikamuuliza kanyolewa wapi. Kwao, mbali huko, safari ya siku nzima. Nani aliuanzisha? Akanishangaa. "Aah mama, nani auanzishe? Upo tu!"

Nimecheka mpaka mshono umekwenda wote. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani, na aliyenisifu hajui.

Kinyozi kamkamata dereva, kamkalisha mbele ya mteja, kasema asitikisike mpaka amalize kunakili. Ndiyo maana nina muda wa kuandika.

Dada yangu kapiga simu kutoka ukumbini. Watu wanajaa, na jina langu limeshabandikwa, juu yake ukuta mtupu! Nikamuuliza herufi ni kubwa? Kubwa sana, anasema, zinaonekana toka mlangoni. Moyo umenidunda, sitajidanganya.

Kinyozi anapangusa shingo ya mteja. Ameshamaliza. Mwingine kaingia, kauruka ubao pale mlangoni bila kuuona, na kidole kashanyoosha kwenye ukuta pale ulipokuwa. Bado kakinyoosha. Kinyozi ananitazama. Dereva kavaa kofia, anasema, mama, fomu.

Fomu imejaa nyuma, nimehamia mbele. Pa kusaini pamebaki upana wa kidole, nami bado naandi—